Mbegu za Beberu, Kiini cha Yai na Mbuzi wa Mgeta

Mbegu za mbuzi hazipatani na kiini cha yai. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililochukua sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi chuoni. Nimeona niliandike kwa kirefu, kwa sababu wanafunzi wanaokuja kuniomba mada za utafiti wengi hawajawahi kuelezwa lilianzia wapi, wala kwa nini mpaka leo mfugaji wa mbuzi anasubiri uhimilishaji, yaani kupandisha jike kwa mbegu za dume zilizohifadhiwa, kitu ambacho mfugaji wa ng'ombe amekuwa nacho tangu enzi za babu yake.

Nianze na ng'ombe. Mwaka 1940, huko Wisconsin nchini Marekani, Phillips na Lardy walichapisha matokeo ya kuchanganya mbegu za dume la ng'ombe na kiini cha yai la kuku pamoja na chumvi za fosfati. Kabla ya hapo mbegu zilikuwa zikipoozwa zinakufa upesi. Ukiteremsha joto lake ghafla kutoka la mwili hadi la jokofu, mafuta yaliyo kwenye ngozi ya mbegu hugandamana, ngozi inavuja, na mbegu ikipashwa moto tena inazunguka mahali pamoja au haitikisiki kabisa. Kiini cha yai kina mafuta na protini zinazoishikilia ngozi ile isiharibike. Kwa ng'ombe, tangu wakati huo, kiini kimekuwa mlinzi. Ukienda Usa River, Arusha, kwenye kituo chetu cha taifa cha uhimilishaji, au Kabete kwa majirani zetu Wakenya, ambako kituo kilianzishwa mwaka 1946, utakuta kazi imejengwa juu ya kanuni hiyohiyo ya kuilinda mbegu dhidi ya baridi.

Kwa beberu mambo yanageuka. Kuna tezi ndogo mbili kando ya njia yake ya mkojo ambazo hutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu wakati beberu anapopanda. Mwaka 1957 mtafiti wa India aitwaye Roy alionyesha kwamba majimaji hayo yana kimeng'enya kinachogandisha kiini cha yai. Kimeng'enya hicho, cha jamii ya fosfolipesi A, hukata lesithini, aina ya mafuta yaliyo kwenye kiini, na kuacha mabaki ambayo ni sumu kwa mbegu zenyewe. Kwa hiyo unamwekea mlinzi, na mlinzi anageuzwa kuwa muuaji. Ukikimbilia maziwa yaliyoondolewa mafuta badala ya yai, unakutana na protini nyingine kutoka tezi zilezile, inayovunja mafuta kidogo yaliyobaki kwenye maziwa na kuzalisha asidi ya oleiki, nayo inaua.

Nimeliona hili kwa macho mara nyingi kiasi kwamba ninaweza kulieleza nikiwa nimefumba macho. Mbegu za beberu zikiwa mbichi ni nzito kama krimu, rangi ya maziwa yaliyoiva. Kiasi chake ni kidogo, mililita moja hivi, lakini ndani ya mililita hiyo kuna mbegu bilioni 2 hadi 4. Ukiweka tone chini ya hadubini huoni mbegu moja moja. Unaona mawimbi meusi yanayopindana, yanavunjika, yanajikusanya upya. Ukiongeza mchanganyiko wenye kiini kingi cha yai na kuuacha kwenye joto la mwili, mwanzoni kila kitu ni kizuri. Baadaye vinaanza kutokea vibonge vidogo, mbegu zinanaswa humo kwa vichwa, mikia ikipiga bila kwenda popote. Halafu mikia nayo inatulia.

*

Nilizaliwa Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, upande wa Mvomero. Anayeijua Mgeta anaijua kwa kabichi, njegere na matunda ya nchi za baridi yanayoteremshwa Morogoro kwa malori kutoka soko la Nyandira. Mashamba yamening'inia kwenye miteremko. Ng'ombe kule ni shida: malisho hakuna, na mnyama mkubwa anaweza kuporomoka bondeni. Miaka ya 1980, kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) na Norway, mbuzi wa maziwa kutoka Norway waliletwa Morogoro na baadaye wakapandishwa mlimani kwetu. Baridi ya Mgeta iliwafaa. Walijengewa mabanda ya kuinuliwa, sakafu ya mabanzi yenye nafasi ili kinyesi kidondoke chini, na kinyesi hicho kikawa mbolea ya kabichi. Mtoto wa rika langu aliyekulia pale alikata majani ya mbuzi kabla ya kwenda shule, akanywa uji wenye maziwa ya mbuzi. Kwa hiyo sikuyafuata mabeberu chuoni kwa kubahatisha.

Mbuzi waliokuja kutoka Norway walikuwa wachache, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mbuzi wanaweza kuongezeka mpaka wakajaa mlima mzima, lakini damu haiongezeki kwa kuongezeka vichwa. Kuna hesabu rahisi wanayoijua wataalamu wote wa uzalishaji wa mifugo: kundi likitegemea mabeberu 5 tu, undugu ndani ya kundi hupanda kwa asilimia 2.5 kila kizazi kwa upande wa mabeberu peke yake, hata kama majike ni elfu moja. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linashauri kiwango hicho kisizidi asilimia 1. Mlimani kwetu beberu mzuri huazimwa. Anaenda kwa jirani, anaenda kwa shemeji wa jirani, anavuka bonde, na baada ya miaka mitatu anarudi palepale kupanda mabinti zake mwenyewe. Kitoto kinachozaliwa kwa baba na binti yake kina robo nzima ya urithi wake iliyofanana pande zote mbili. Kinazaliwa kidogo, kinachelewa kukua, na mara nyingi hakifiki mvua za pili.

Mama mmoja wa Nyandira alinionyesha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma. Alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila ukurasa ulikuwa wa mbuzi mmoja: jina la mbuzi, tarehe aliyopandwa, beberu wa nani, tarehe aliyozaa, vitoto vingapi, vilivyopona vingapi, na maziwa ya asubuhi yaliyopimwa kwa kikombe cha bati. Alinifungulia kurasa tatu mfululizo, bibi, mama na binti. Kwenye kurasa zote tatu, mstari wa "beberu wa nani" ulikuwa na jina la mwanaume mmoja. "Mwanangu," aliniambia, "mimi naona maziwa yanapungua na watoto wanadumaa. Nimemwuliza bwana mifugo anasema ongeza pumba. Pumba naongeza. Lakini hebu angalia hapa." Akaweka kidole juu ya lile jina, ukurasa baada ya ukurasa.

Kwa mama yule, mrija mmoja wa mbegu za beberu asiye na undugu na mbuzi wake una thamani kuliko gunia la pumba. Na kumsafirisha beberu hai kutoka Ulaya leo ni gharama, ni karantini, ni hatari ya magonjwa. Mrija unaweza kukaa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, miaka na miaka. Hiyo ndiyo sababu ya kazi yangu. Mengine yote niliyofanya chuoni ninayapima kwa daftari lile.

*

Nilisomea udaktari wa mifugo SUA, chini ya milima hiyohiyo. Nilipoanza kukinga mbegu kutoka kwa mabeberu kwa ajili ya utafiti wa shahada ya pili, habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mjomba wangu aliniita. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na akikuita huendi kubishana. Nilipomaliza kumwamkia alisema, "Udaktari sawa, nimeukubali. Lakini kushika beberu namna hiyo, mtoto wa kike, mbele ya watu?" Nilimwomba ruhusa nimwonyeshe badala ya kumjibu. Wiki iliyofuata alikuja bandani chuoni, akasimama pembeni na fimbo yake.

Kazi yenyewe inataka utulivu. Jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka kupandwa, anafungwa shingoni. Utamjua kwa mkia unaotikisika bila kupumzika na kelele zake. Uke wa bandia ni bomba gumu lenye mpira laini ndani, na kati yake unamimina maji ya moto ili ndani pawe nyuzi 40 hadi 42. Yakipoa beberu anakataa. Yakizidi anaungua, na siku nyingine hatakuja. Beberu aliye kwenye msimu amejikojolea ndevu na miguu ya mbele, na harufu yake inakaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Anaruka, unamwelekeza kwa mkono mmoja, na ndani ya sekunde chache yamekwisha. Kisha hakuna kuongea: bomba la kioo linaingia kwenye maji ya nyuzi 37 kabla halijapoa mkononi. Mjomba alichungulia kwenye hadubini kwa muda mrefu. Aliponyanyua kichwa aliuliza beberu huyo ni wa ukoo gani na kama mbegu zake zinaweza kufika Tchenzema. Tangu siku hiyo hakunisema tena, na yeye ndiye aliyekuwa akiniitia wazee kwenye vikao kule mlimani.

Ugandishaji wenyewe nilijifunza kwa hatua. Mwaka 1949 nchini Uingereza, Polge, Smith na Parkes walitangaza kwamba gliseroli inaweza kuilinda mbegu isife katika barafu, na waliona hivyo kwanza kwenye mbegu za jogoo. Walikuwa wakijaribu sukari ya matunda. Chupa iliyofanya kazi, ilipochunguzwa, ikaonekana ina gliseroli, kwa sababu lebo zilikuwa zimechanganywa. Nawasimulia wanafunzi kisa hiki kwa sababu ya walichokifanya baadaye: walipoona matokeo yasiyoelezeka hawakuyatupa, walirudi kuuliza ndani ya chupa mna nini.

Adui ndani ya barafu ni wawili. Ukigandisha haraka mno, maji yaliyo ndani ya mbegu hayapati muda wa kutoka, yanageuka fuwele za barafu humohumo na kuichana. Ukigandisha polepole mno, maji ya nje yanaganda kwanza, chumvi inabaki imekolea, na mbegu inakaushwa na kuunguzwa na chumvi. Mtafiti wa Marekani, Mazur, na wenzake walilieleza hili vizuri mwaka 1972. Kazi yetu ni kupita katikati. Unapooza mbegu taratibu kwa saa kadhaa hadi nyuzi 5, unaijaza kwenye mirija ya robo au nusu mililita, unailaza juu ya mvuke wa naitrojeni sentimita chache bila kugusa kimiminika, dakika kama 10, ndipo unaizamisha. Na mrija uliokwisha gandishwa ukiinuliwa mdomoni mwa mtungi ukachezewa pale huku mtu anatafuta jina la beberu, barafu inajipanga upya kwa fuwele kubwa, na hasara hiyo hairudishwi hata ukiuzamisha tena mara moja.

Kwa shahada ya uzamivu nilikwenda Norway, kwenye asili ya mbuzi wetu. Jambo lililonigusa kule halikuwa maabara. Lilikuwa kuona wafugaji wenyewe wakihimilisha kondoo wao kwa mbegu zilizogandishwa, zizini kwao, wakiweka mbegu ukeni tu bila vyombo vya upasuaji, halafu wakituma kumbukumbu za uzazi kila msimu. Mtafiti aliyekaa ofisini alikuwa anajua mbegu za dume fulani zimezaa au hazikuzaa kwa maelfu ya majike. Upande wangu nilikuwa na kimeng'enya. Corteel wa Ufaransa alikuwa amekwisha kuonyesha, miaka ya 1970, kwamba ukiziosha mbegu za beberu kwenye sentrifyuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, na kuyamwaga majimaji ya tezi, zinastahimili zaidi. Lakini kuosha kunataka mashine, umeme na mkono mwepesi. Mbegu nyingine zinapotea na nyingine zinaumia kwa kuzungushwa. Njia nyingine ni kupunguza kiini cha yai hadi asilimia chache tu, au kutumia lesithini ya soya. Hapo katikati, nikipima kiasi gani cha kiini kinalinda bila kuua, ndipo miaka yangu ilipokwenda.

*

Sasa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wenzangu. Tafiti nyingi tunazochapisha kuhusu kuhifadhi mbegu haziishii kwa mtoto kuzaliwa. Mtafiti anachukua mabeberu wanne au watano, anaongeza kwenye mchanganyiko dondoo la majani fulani au vitamini E, anagandisha, anayeyusha, anapima mwendo wa mbegu kwa kompyuta. Mwendo umepanda kutoka asilimia 41 hadi 48, makala inachapishwa, mtu anapanda cheo. Mimi mwenyewe hupewa makala za namna hiyo kuzihakiki, moja baada ya nyingine. Lakini mbegu inayoogelea si lazima iweze kutunga mimba. Inaweza kuogelea huku kofia ya kichwani, ile inayobeba vimeng'enya vya kutoboa yai, imekwisha kupasuka. Mwendo ni alama ya uhai. Uzazi ni jambo jingine, na uhusiano kati ya hivyo viwili ni dhaifu kuliko tunavyopenda kukiri.

Kwa nini hatuendi mpaka mwisho? Kwa sababu ni ghali. Fanya hesabu. Ukitaka kujua kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu kama mchanganyiko mpya umepandisha mimba kutoka asilimia 50 hadi 60, unahitaji karibu majike 400 katika kila kundi. Majike 800. Hakuna banda la chuo ninalolijua hapa kwetu lenye mbuzi 800 wa kujaribia. Lakini Mgeta wapo, na mikoa mingine wapo, mikononi mwa watu kama yule mama mwenye daftari. Wanaoshika majibu yetu ni wao, na sisi tumewaweka mwishoni kabisa, kwenye sehemu ya "mapendekezo", wakati makala yenyewe imekwisha kuandikwa.

Jambo la pili ni naitrojeni. Mtungi unavuja baridi hata usipofunguliwa, na lazima ujazwe upya kila baada ya wiki kadhaa. Niliwahi kupoteza mkusanyo mzima wa mabeberu ambao wengine walikuwa wamekwisha kufa, kwa sababu mtambo wa mahali tulipokuwa tunanunua uliharibika na hakuna aliyetujulisha mpaka mtungi ulipokauka. Nilipofungua na kuona mirija imelala kwenye chuma kikavu nililia. Mabeberu wale hawakuwa na ndugu waliobaki.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo ambao nautetea kila kikao: tusigandishe kila kitu. Kwa beberu aliye Morogoro na jike aliye Nyandira, mbegu zilizopoozwa hadi nyuzi 4 au 5 zinaweza kutunza uwezo wa kutunga mimba kwa siku nzima, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Zinasafiri kwenye kasha la barafu nyuma ya bodaboda, barabara ya Mzumbe hadi mlimani, na mhimilishaji anazitumia jioni ileile. Joto la mbuzi hudumu saa 36 hivi, muda upo. Haihitaji naitrojeni, haihitaji gliseroli, na kimeng'enya chetu kwenye baridi hiyo kinafanya kazi polepole. Mvua za masika zinaharibu barabara, ni kweli, na siku nyingine bodaboda hafiki. Hata hivyo hasara yake ni mrija mmoja, si mkusanyo wa ukoo mzima. Naitrojeni tuitunze kwa yale ambayo hayana njia nyingine: mbegu zinazovuka bahari, na mbegu za wanyama wanaotoweka.

Hao wanaotoweka tumewasahau kupita kiasi. Mbuzi wa Malya walitengenezwa na watafiti wetu wenyewe kule Kanda ya Ziwa, kwa kuchanganya Kamorai, Boer na mbuzi wa kienyeji. Kazi ya miaka mingi, mnyama wa nyama na maziwa anayelihimili jua letu. Ng'ombe wa Mpwapwa vivyo hivyo. Kisha kuna mbuzi wa kienyeji wa Ugogo na wa kusini, ambao hawana jina kwenye katalogi yoyote, lakini wanakula miiba na kunywa maji machache na bado wanazaa. Tunapoingiza damu ya kigeni bila kuweka akiba ya hawa, tunachagua kwa niaba ya watu ambao hawajazaliwa, na wao hawatakuwa na pa kurudi. Mtungi mmoja wenye mirija ya mabeberu 25 wasiohusiana, kutoka vijiji tofauti, kila mmoja na kumbukumbu zake, ni kazi inayowezekana kwa bajeti ya mradi mdogo. Nimeliandikia maombi ya fedha hili zaidi ya mara moja. Waamuzi husema halina ubunifu wa kutosha. Nitaliandikia tena.

Mwanafunzi akija sasa ofisini kwangu kuomba mada, simpi mchanganyiko wa kujaribu. Namwandikia barua ya utambulisho kwa wafugaji, namwambia apande gari la Nyandira, akakae na watu wenye madaftari, achore ukoo wa mbuzi wao mpaka kwenye beberu wa kwanza anayekumbukwa. Wa mwaka huu amerudi na kurasa nyingi, na tumeanza kuona ni mabeberu gani wamefunika mlima na ni majike gani yabaki bila kupandwa nao. Mbegu za kwanza zilizopoozwa zitapanda mlima baada ya masika kwisha.